Nyota za Zahanati Yako

Msikilizaji, leseni humruhusu mtu kufungua zahanati. Ithibati huuliza jambo zito zaidi: je, huduma inayotolewa humo kila siku ni salama?

Kwa swali hilohilo, mwaka 2015 Tanzania Bara ilianza kuvipima vituo vya afya ya msingi kwa nyota, kuanzia sifuri hadi tano. Matokeo ya awali yalitisha. Takriban theluthi moja ya vituo havikupata hata nyota moja.

Ukaguzi wa namna hii hauhitaji majengo ya kifahari. Mkaguzi makini huingia chumba cha kujifungulia, akafungua bomba: maji yanatoka? Sabuni ipo? Hufungua jalada la mgonjwa kuona kama shinikizo la damu liliandikwa, na saa ngapi. Mama anayevuja damu usiku wa manane huokolewa na vitu hivyo, pamoja na dawa iliyohifadhiwa kwenye jokofu linalofanya kazi.

Vituo vilipopimwa tena mwaka 2017/18, vingi vilikuwa vimepanda. Kila kituo kilipewa mpango wa maboresho, na bila mpango huo nyota zingebaki aibu tupu kwa muuguzi ambaye hana uwezo wa kununua tangi la maji. Hapo halmashauri na Wizara ya Afya hazina pa kujificha: anayetoa alama atoe na bajeti. Na matokeo yabandikwe mlangoni, kwa Kiswahili, mgonjwa ayasome kabla hajaingia.