Kazi za wazee wetu, na sisi tuliorudi

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Baraka)



Tangu boti za HCR zianze kutuvusha kutoka Kigoma mwaka 2005, kila mwenye kurudi anaulizwa swali moja: utafanya kazi gani? Leo tujibu kwa kukumbuka kazi iliyokuwako hapa kwetu.

Wazee wanakumbuka pamba ya lazima ya wakati wa Wabelgiji. Wengine walikata miwa ya kiwanda cha sukari cha Kiliba, upande wa Uvira, mpaka vita vikakisimamisha mwaka 1996. Kazi hizo zilikuwa na bwana wake, na bwana alipoondoka, kazi ikaondoka naye. Lakini ziwa na ngazi havikuwa na bwana. Njo maana vilibaki.

Tuangalie ndagala. Zamani watu walivua kwa moto wa kuni mbele ya mtumbwi. Miaka ya 1950, kaskazini mwa ziwa, ikaanza mitumbwi miwili inayofungwa pamoja, na wavu mkubwa unaoshushwa chini ya taa. Samaki wanafuata mwanga, wavuvi wanainua wavu kwa pamoja. Mtu mmoja hawezi. Asubuhi wanatoa kwanza gharama za taa, kisha mwenye vyombo na wavuvi wanagawana. Akina mama wananunua, wanaanika kwenye mchanga, wanapeleka soko. Mbalamwezi ikiwaka, samaki hawaji kwenye taa. Siku hizo ni za kushona nyavu, za shamba, za kukata ngazi, kuchemsha, kutwanga na kukamua mawese.

Mnaona? Ni kazi ya watu wengi, kila mmoja na nafasi yake, na kijana alijifunza kwa kukaa karibu na mkubwa.

Sasa tuseme ukweli, na tuanze na sisi wenyewe tunaozunguka vijijini kwa kazi ya msaada. Tuliandika kwenye karatasi "wavuvi", tukagawa nyavu kwa kila nyumba, kipande kipande. Mwezi haukuisha, nyavu nyingi zikaonekana sokoni. Tulikasirika. Mzee mmoja akatuuliza: "Mmempa mtu wavu, mtumbwi uko wapi? Taa iko wapi? Mwenzake wa kuinua naye iko wapi?" Tukanyamaza.

Jambo lingine linatuumiza zaidi. Vijana waliozaliwa Lugufu na Nyarugusu wamesoma, wengine wanajua kushona na kutengeneza baiskeli. Lakini hawakulala ziwani hata usiku mmoja. Hawajui upepo gani unarudisha mtu nyumbani na upepo gani unamzamisha. Wazee wanaojua wanapungua kila mwaka.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Wafadhili, msaada uende kwa kikundi kizima: mitumbwi, wavu, taa, na sehemu ya akina mama wanaoanika. Wanachama, kila kikundi kipokee vijana wawili wa kambini, wapate fungu lao kama wengine, hata kama bado mikono yao ni laini.

Tulirudi na mizigo kidogo. Kazi ya wazee iko bado hapa, lakini haitatungojea siku zote.