Bunduki ya Marisau na Ulinzi wa Mazao Milimani Usambara

Mazungumzo kwa wakulima wadogo wa Lushoto



Katika kijitabu hiki mmesoma habari za mbegu, mbolea na matuta. Lakini mkulima wa Shume au wa Magamba, ambaye shamba lake linapakana na msitu, huuliza swali jingine: nina faida gani ya mbegu bora ikiwa nguruwe wa mwitu huvuna kabla yangu? Ni swali la haki. Kundi la nguruwe likiingia usiku katika mahindi yaliyoanza kukomaa, huangusha mashina mengi kuliko yale wanayoyala, na asubuhi mwenye shamba hukuta njia zimelimwa kama kwa jembe. Mchana huja nyani. Na mtoto aliyewekwa kulinda nyani ni mtoto ambaye hakwenda shule siku hiyo.

Ndipo watu husema, "Tupewe bunduki." Basi leo nataka tuzungumze habari za bunduki ya marisau, ambayo wengine huiita shotigani: inaweza kazi gani shambani, na kazi gani haiwezi.

Wasambaa wanajua habari ya mwindaji kuliko watu wengi. Wazee husimulia jinsi Mbegha alivyokuja kutoka Unguu akiua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, mpaka wakamfanya mfalme wao Vuga, wakamwita Simba Mwene. Kisa hicho kimo katika kitabu cha Abdallah bin Hemedi, Habari za Wakilindi. Mbegha hakuwa na bunduki. Alikuwa na mikuki na mbwa, na alijua mahali nguruwe wanapolala. Bunduki zilikuja baadaye kwa njia ya biashara ya Pangani. Semboja, mwana wa Kimweri wa Nyumbai, alikaa Mazinde penye njia ya misafara, akapata silaha nyingi, na baada ya Kimweri kufa mwaka 1862 silaha hizo zilielekezwa kwa watu, si kwa nguruwe.

Tena siku hizi kuna jambo ambalo Mbegha hakulikuta. Wengi wetu ni Waislamu, hatuli nguruwe. Mahali ambapo nyama haina mlaji, vijana hawaoni sababu ya kupoteza siku nzima vichakani, na nguruwe huongezeka kwa amani. Kwa hiyo msako wa nguruwe katika milima hii hauwezi kutegemea tamaa ya nyama. Ni lazima uwe kazi ya kijiji, kama vile kutengeneza barabara au kuzibua mfereji.

Kabla ya bunduki, tazameni shamba lenyewe. Mtu mmoja akipanda mahindi mapema peke yake kandokando ya msitu, amewaalika wanyama wote wa msitu huo. Lakini watu wa bonde moja wakipanda ndani ya juma moja au mawili, mahindi hukomaa pamoja, siku za kulinda huwa chache, na hasara humgusa kila mtu kidogo badala ya kummaliza mmoja. Nasema mpatane, sisemi mlazimishwe. Wazee wachache bado wanakumbuka matuta ya amri ya miaka ya 1950, na jinsi watu walivyoyachukia hata Serikali ya kikoloni ikayaacha. Kadhalika fyekeni vichaka vilivyo kati ya shamba na msitu, upande wenu wa mpaka, maana nguruwe na nyani hawapendi kuvuka mahali peupe. Penye ardhi ya kufaa, pandeni chai katika ukanda huo, kwa kuwa wanyama hao hawali chai. Mahindi, viazi vitamu na mihogo viwe karibu na nyumba.

Sasa bunduki. Raifoli hutoa risasi moja inayokwenda mbali sana. Bunduki ya marisau hutoa punje nyingi kwa pamoja, zikitawanyika kadiri zinavyokwenda, na nguvu zake huisha upesi. Iliyo ya kawaida ni namba 12. Jina hili latokana na hesabu ya kale ya Waingereza: gololi 12 za madini ya risasi, kila moja ikienea sawasawa ndani ya mtutu huo, zina uzito wa ratili moja. Punje nazo zina namba zake. Kwa hesabu ya Kiingereza namba 6 huwa na punje karibu 270 katika aunsi moja, nazo ni za ndege kama kanga, kwale na njiwa. SG ni punje 8 tu kwa aunsi, kila moja yapata milimita 8 na zaidi, nazo ni za nguruwe. Nchi nyingine hutumia namba nyingine, kwa hiyo msinunue kwa kusoma namba tu. Ulizeni unene wa punje.

Mwenye kumpiga nguruwe kwa namba 6 hamwui. Humjeruhi, naye huenda kufa kwa uchungu msituni au kumrukia mtu wa kwanza atakayekutana naye. Nguruwe aliyejeruhiwa hupasua mguu wa mtu kwa meno yake. Hata kwa SG, msipige mbali kupita mita 25 au 30. Ndege nao wasipite mita 35. Wengi hudhani wanajua mita 30 ni kiasi gani, nao hawajui. Pimeni kwa hatua mchana, wekeni alama ya jiwe au kijiti kando ya shamba, na atakayepita alama hiyo aachwe aende zake.

Lakini umbali wa kuua mnyama si umbali wa kumdhuru mtu. Punje za namba 6 huweza kufika mita 200, na za SG mita 600 na zaidi. Jambo hili ni zito kwetu kuliko kwa watu wa nchi tambarare, kwa sababu sisi tunaishi juu ya vichwa vya wenzetu. Mtu akisimama juu ya shamba lake akapiga kuelekea bondeni, marisau yake huenda kwenye paa la jirani, kisimani, au kwenye njia ya watoto wa shule. Basi kanuni ya milimani ni hii: mwenye bunduki asimame chini, apige kuelekea mlimani, ili udongo uwe nyuma ya mnyama uyapokee marisau. Nguruwe akiwa juu ya mgongo wa mlima, nyuma yake pakionekana mbingu tu, asipigwe kabisa, maana hujui kuna nini upande wa pili. Wala msipige penye mwamba, kwa kuwa punje hurudi.

Msako mzuri hufanywa mchana. Nguruwe wa mwitu hula usiku, na mchana hulala ndani ya makorongo na vichaka vizito. Msiingie msitu wa hifadhi. Pale si mahali penu pa kuwinda, hata kama mnyama ametoka shambani kwenu sasa hivi. Chagueni kichaka kilicho nje ya mpaka ambacho nyayo zinaingia wala hazitoki. Wenye madebe, ngoma na mbwa waingie kwa upande mmoja wakipiga kelele, wakienda kwa mstari mmoja. Wenye bunduki, wawili au watatu tu wenye leseni, wasimame mahali pa kutokea, kila mmoja akimwona mwenzake na kujua mwisho wa sehemu yake. Mtu aliyekwisha kupewa mahali pake asiondoke, hata akiona nguruwe kwa jirani. Nguruwe anapokuja kati ya wenye bunduki na wafukuzaji, asipigwe. Aachwe avuke mstari, kisha apigwe akiwa amekwisha kupita na mgongo umewaelekea. Kiongozi awe mmoja, naye awe na filimbi. Filimbi ikilia mara ya pili, bunduki zote hukunjwa na risasi kutolewa kabla mtu hajapiga hatua moja. Mimi ningependa kiongozi huyo awe mzee asiyekuwa na bunduki, maana mwenye bunduki macho yake yako kwa nguruwe.

Ulinzi wa usiku ni habari nyingine, na hapa nasema bila kuficha: bunduki na usiku havipatani katika mashamba yetu. Mashamba ni madogo, yamekaribiana, na katika kila shamba kuna mtu ameketi kimya ndani ya kibanda au amechutama kati ya mahindi. Bua likitikisika, huwezi kujua kama ni nguruwe, au ni jirani anayemfuata nguruwe huyo huyo. Tochi huonyesha macho yanayong'aa, lakini mbwa wa jirani naye ana macho yanayong'aa. Kwa usiku tumieni moto, madebe, mbwa na zamu ya watu wawili wawili. Nguruwe mmoja akiponyoka, mtapata hasara ya mahindi. Hasara ya mtu hailipiki.

Nyani wana akili ya namna yake. Bunduki huwatisha mara ya kwanza na ya pili. Baadaye humjua mwenye bunduki, hukaa mbele yake mbali kidogo kuliko bunduki inavyofika, na akiondoka wao huingia. Kwa nyani ulinzi wa kila siku wa watu wazima una nguvu kuliko risasi, na bunduki ifaa pale tu wanapoanza kuwazoea walinzi. Jueni pia kuwatenganisha. Mbega, yule mweusi mwenye manyoya marefu meupe, hula majani ya miti na kukaa juu. Si mwizi wa mahindi, wala asiuawe kwa makosa ya kima na nyani.

Kwa ndege nitasema kidogo. Kanga na kwale hufukua mbegu zilizopandwa, hasa huku chini Mnazi na Lunguza, na hapo bunduki yafaa, kwa leseni ya uwindaji na katika majira yaliyoruhusiwa. Wapo pia wanaowinda ndege hao kwa mchezo, na mchezo huo humfundisha mtu kulenga mbele ya kinachoruka, jambo lisilodhuru. Ila marisau ya risasi yana sumu, basi yatoeni yote katika nyama kabla ya kupika. Kwelea kwelea wa mpunga ni kundi lisilohesabika. Kuwapigia bunduki ni kutupa fedha. Toeni habari mapema kwa Bwana Shamba.

Na tembo wanaotoka Mkomazi, pori la akiba la mwaka 1951 lililofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008, wasipigwe kwa bunduki ya marisau hata kwa kuwatisha karibu. Punje hizo haziwaui, huwakasirisha. Mwiteni Afisa Wanyamapori wa wilaya. Kwa tembo Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho; kwa nguruwe na nyani msiutegemee.

Bunduki yenyewe yataka adabu. Leseni, chini ya sheria ya silaha ya mwaka 2015, ni ya mtu kwa jina lake, na bunduki haiazimwi kwa shemeji wala kwa mtoto. Maombi yaulizeni ofisi ya kijiji na kituo cha polisi. Gobori la kienyeji lisilosajiliwa ni hatari mara mbili: kwa sheria, na kwa mwenye kulipiga, maana mtutu wake huweza kupasuka usoni. Ukivuka tuta, mfereji au ua, toa risasi kwanza. Ukianguka, chungulia ndani ya mtutu, baada ya kutoa risasi, kwa sababu tope kidogo tu mdomoni hupasua chuma. Usichanganye mfukoni risasi za namba 20 na za namba 12. Ile ndogo hutelemka ikakwama katikati ya mtutu, nawe ukidhani bunduki haina kitu hutia nyingine nyuma yake, na zote mbili hulipuka mkononi mwako.

Risasi ziwekwe pakavu, zimefungiwa, mbali na bunduki. Najua darini juu ya jiko ndipo pakavu kuliko pote nyumbani, ndipo tunapoweka mahindi ya mbegu. Risasi zisiwekwe hapo.

Mnyama akisha kuuawa katika kutetea shamba, si mali ya aliyemwua. Ni nyara ya Serikali, na habari ipelekwe kwa Afisa Wanyamapori bila kukawia. Nyama isiuzwe wala kugawanywa bila ruhusa yake. Wenye kufuga nguruwe wa nyumbani waangalie sana hapa. Nguruwe wa mwitu na ngiri huweza kuwa na homa ya nguruwe ya Afrika bila kuonekana wagonjwa, na ugonjwa huo hauna dawa. Matumbo, damu na mifupa vizikwe katika shimo lenye kina kirefu ambalo mbwa hawawezi kulifukua, na mtu aliyeshika mzoga aoge na kubadili nguo na viatu kabla hajakaribia banda lake.