Bibi Barbara Castle na Habari ya Hola



Tumeombwa kueleza habari za Bibi Barbara Castle, mwanasiasa wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1910 na kufariki mwaka 2002. Aliwakilisha mji wa Blackburn Bungeni tangu 1945 hata 1979, akawa waziri, na sheria ya 1970 ya kuwalipa wanawake ujira sawa na wanaume ilipita kwa juhudi zake. Hayo ni ya kwao.

Yanayotugusa sisi wa Garsen yalitukia juu mtoni. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, watu 11 waliozuiliwa kwa ajili ya Mau Mau walipigwa na askari hata wakafa, kwa kuwa walikataa kazi ya shuruti. Wakubwa wakatangaza kwamba walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Maji! Sisi tuliolelewa na mto Tana twajua kuwa maji huumiza tumbo. Hayaachi majeraha ya marungu mwilini.

Bibi Castle, ambaye mwaka 1955 alikwisha kuja Kenya kuchunguza maonevu, hakunyamaza. Mwezi wa Julai jambo hilo lilijadiliwa Bungeni hata usiku wa manane, na Enoch Powell, wa chama cha serikali yenyewe, akalaumu pia. Hata hivyo hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo vile.

Sisi tulizaliwa baadaye. Wazee walioyasikia siku zile wamebaki wachache. Katibu anawangoja, daftari mkononi, mkutano ukiisha.