Mpira Uliokwenda Nje

Leo twazungumza juu ya mchezo wa tenisi. Wasioucheza watuvumilie kidogo.

Mwezi wa Julai 2025, huko Wimbledon, Anastasia Pavlyuchenkova wa Urusi alikuwa akicheza na Sonay Kartal wa Uingereza. Katika seti ya kwanza walikuwa sawasawa, gemu 4 kwa 4, naye Pavlyuchenkova alibakiza pointi moja tu kuipata gemu ya 5. Mpira wa Kartal ukavuka mstari, ukaanguka nje. Lakini mwaka ule waamuzi wa mistari walikuwa wameondolewa, na mitambo ya kamera ikawekwa mahali pao. Mtambo haukusema neno, kwa maana mtu alikuwa ameuzima kwa makosa. Mwamuzi akaamuru pointi irudiwe. Pavlyuchenkova akaikosa, kisha akaikosa na gemu yenyewe. Akamwambia mwamuzi waziwazi kwamba ameibiwa.

Wenye mashindano waliomba radhi, lakini baadaye. Pale uwanjani alikuwa na sekunde 90 tu za kubadilisha upande, na mwenzake alikuwa karibu kuichukua seti. Basi akarudi, akaivunja gemu ile, akashinda seti 7 kwa 6, na ya pili 6 kwa 4.

Tazameni, hakunyamaza. Alilisema neno lake, kisha akashika raketi. Kati ya pointi na pointi mchezaji hupewa sekunde 25, na wengi huzitumia kuugeuzia mwamuzi mgongo, kunyosha nyuzi za raketi kwa vidole, na kuvuta pumzi polepole. Si maringo hayo. Macho yakibaki pale mpira ulipoangukia, mpira unaofuata utakupita. Pointi ya kwanza ulinyang'anywa. Ya pili umeitoa mwenyewe.

Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, mlango wa 2, atuonyesha Bwana wetu akiiacha kesi yake kwa Hakimu mwingine, naye akiendelea na kazi aliyotumwa. Sisi tunaosema nanyi tulichelewa kulielewa jambo hilo. Tulipokuwa chuo cha theolojia tulicheza jioni kwenye uwanja wa udongo, bila mwamuzi, kila mtu akihukumu mipira ya upande wake, kama ilivyo kanuni. Siku moja mwenzetu alisema mpira wetu umetoka. Sisi tuliuona umegusa chokaa. Hatukubishana sana, maana tulikuwa wanafunzi wa uchungaji, na watu walikuwa wakitutazama! Tuliweka moyoni. Mchezo tulishindwa vibaya, na yeye hatukumsalimu juma zima.

Jumapili tulipiga magoti mezani pa Bwana, yeye upande huu na sisi upande ule. Mikono tulikuwa tumeinyosha kupokea, lakini mawazo yetu yalikuwa bado kwenye ule mstari wa chokaa.