Magengi Yetu Yakutane Mara Ngapi?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa njia ya reli, upande wa Kitale na upande wa Bungoma)



Tumepewa nafasi tuseme machache juu ya neno linalotugawanya tangu mwaka jana, yaani mikutano ya magengi. Wenzetu wa Bungoma wasema mara moja kwa mwezi yatosha. Sisi wa Kitale tulikuwa tukikutana kila siku jioni. Leo twataka kukiri kwamba pande zote mbili zimekosea, na tuanze na kosa letu.

Mikutano yetu ya jioni ilianza vizuri. Watu walikuwa wamechoka kwa kubeba mataruma na kushindilia kokoto tangu asubuhi, lakini walikaa. Siku ya kwanza tulisema habari ya viatu. Siku ya pili, viatu. Siku ya tatu, viatu. Baada ya majuma machache wakabaki watu wanne tu, nao ni wale wenye maneno mengi kuliko wote. Mtu mwenye safari ndefu ya baiskeli gizani hawezi kungoja asikie viatu kila siku. Na viatu vyenyewe havikuja.

Sasa kosa la Bungoma. Mwenzetu mmoja alikatwa mshahara wa siku tatu, na siku hizo alikuwa kazini, sote twajua. Akanyamaza akingoja mkutano wa mwezi, maana ndipo mahali pa kusema. Mkutano ukaahirishwa kwa sababu ya mvua. Ulipofanyika, hesabu zilikuwa zimekwisha fungwa, karani akajibu kwamba malalamiko yangeletwa mapema. Fedha zake alizipata baada ya miezi mitatu, na mtoto alikuwa amekwisha rudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Tena liko jambo la tatu, ambalo mkutano wa mwezi haungeweza kulizuia, wala ule wa jioni. Asubuhi moja gengi liligawanywa mara mbili kwenye kona. Kila kundi lilidhani mwenye bendera nyekundu yuko kwa wenzao. Troli ya injini ikatokea, watu wakaruka, jeki ikabaki chini ya reli. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa dereva wa troli alikuwa na macho. Dakika tano za kuulizana kabla ya kutoa vyombo stoo zingetosha: nani ashika bendera, asimame wapi, gari gani latazamiwa.

Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, wa reli na wa bandari wakiwamo. Walikutana kila siku katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Haikuwa kupoteza wakati, maana kila siku palikuwa na neno jipya la kuamua. Sisi tulikutana kila siku bila neno jipya, hiyo ndiyo tofauti.

Basi maoni yetu ni haya. Kila asubuhi dakika tano, watu wakisimama, habari za usalama tu, na nyapara ndiye aongoze. Atakayetaja viatu aambiwe angoje Ijumaa. Ijumaa saa ya chakula, nusu saa, mkutano wa gengi wenyewe. Hapo nyapara asiwepo, hata akiwa mtu mwema, maana vijana hawasemi mbele yake. Kila shauri liandikwe katika daftari, na mjumbe alifikishe kwa katibu siku ile ile, kabla hesabu hazijafungwa. Tuliosoma shule za misheni twakumbuka Yethro alivyomwonya Musa asiamue kila shauri peke yake toka asubuhi hata jioni, bali aweke wakuu wa makumi. Gengi ndilo kumi letu.

Wengine wapenda Jumapili. Sisi hatukubali. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Tusiwe sisi wenyewe wa kuila.

Mkutano wa pande zote mbili uwe kila miezi mitatu. Kanuni za mwaka 2004 zataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, ikutane angalau mara moja kila miezi mitatu. Basi mkutano wetu uje juma moja baada yake, tusikie wajumbe wamesema nini huko. Tukutane Webuye. Kwa reli mtu wa Kitale hana budi kuzunguka hadi Leseru ndipo ashike njia ya Turbo, lakini barabara ya Kitale yashuka moja kwa moja Webuye, na watu wa Bungoma wako karibu. Nauli ya wajumbe itoke katika mfuko wa tawi, si mfukoni mwa mtu.

Likitokea neno la haraka, kama mtu kufukuzwa au kuumia, gengi likutane siku hiyo hiyo bila kungoja Ijumaa.

Ndugu Mwenyekiti, twaomba kura ipigwe leo, kila upande peke yake, kwa kuinua mikono. Madaftari mawili tumekwisha nunua, moja la Kitale na moja la Bungoma, yapo mezani kwa katibu.