Usubi, Kifafa na Madaftari Mawili: Somo la Mahenge kwa Utafiti wa Afya

Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari kijana kutoka Norwe, Louise Aall, alifika Tanganyika na kufanya kazi katika maabara ndogo ya utafiti ambayo Waswisi walikuwa wameianzisha Ifakara. Kazi hiyo ilimpandisha hadi Mahenge, kwenye milima ya Wapogoro, na huko alikuta jambo asilolitarajia: kifafa kilikuwa kimeingia nyumba baada ya nyumba. Wagonjwa walikula peke yao kwa vyombo vyao, kwa kuwa watu waliamini kwamba mate na povu la mwenye kifafa huambukiza. Wengi walikuwa na makovu makubwa ya moto. Mtu akianguka jikoni, kwenye mafiga, waliokuwa karibu walisita kumgusa, na kusita huko kulitosha kumpotezea vidole, uso au uhai.

Mwaka 1960 alifungua kliniki ya kifafa Mahenge. Dawa aliyoitegemea ilikuwa fenobabitoni, kidonge cha bei nafuu ambacho hadi leo kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Baadaye alihamia Kanada, akabobea katika magonjwa ya akili, na kwa jina la Jilek-Aall akaendelea kuandika juu ya Mahenge kwa miongo kadhaa. Mada hii inaanzia kwake kwa sababu swali alilolileta, yaani kwa nini kifafa kijae hapa kuliko kwingine, lilichukua karibu miaka sitini kupata jibu la kuaminika. Sehemu kubwa ya kuchelewa huko ilisababishwa na namna huduma za afya zinavyogawanywa: minyoo ina idara yake, akili na ubongo vina idara yake, na mgonjwa mwenye vyote viwili hugawanywa katikati.

Miongoni mwa watoto alioletewa, kulikuwa na kundi la pekee. Wazazi walisema mtoto "amesinzia kichwa". Anayeona hali hiyo kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ni uchovu tu. Mtoto ameketi, ugali uko mbele yake, anamega tonge. Kabla halijafika kinywani shingo inalegea, kidevu kinashuka kifuani, kichwa kinainuka, kinashuka tena. Kinaweza kushuka mara tano hadi ishirini kwa dakika moja. Macho yako wazi lakini hayamtazami mtu, na tonge limebaki mkononi. Kisha fahamu humrudia akaendelea kula, au huanguka chini na mwili mzima ukatikisika. Vipimo vya umeme wa ubongo vilivyofanywa miongo mingi baadaye vilionyesha kuwa kule kushuka kwa kichwa ni kifafa chenyewe: misuli ya shingo hupoteza nguvu kwa nukta chache, tena na tena. Wengi huanza wakiwa kati ya umri wa miaka 3 na 18. Baadhi yao hudumaa, husahau walichojifunza shuleni, na mwishowe huacha shule kabisa.

Takwimu za kwanza za uhakika zilitoka kwa Daktari Henry Rwiza na wenzake. Walipita nyumba kwa nyumba wilayani Ulanga, iliko Mahenge, wakahoji watu zaidi ya 18,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 1992. Waliobainika kuwa na kifafa walikuwa 207. Kwa wastani huo ni takriban mtu mmoja katika kila mia, kiwango ambacho tayari kiko juu. Kilichostahili kuwashtua watu zaidi ni tofauti ya kijiji na kijiji: kutoka watu 5 hivi katika kila elfu hadi 37 katika kila elfu, ndani ya wilaya ileile, kwa watu wa asili moja, wanaokula chakula kilekile. Mtafiti wa magonjwa ya kuambukiza akiona tofauti ya namna hiyo hutafuta kilichomo katika mazingira ya vijiji vile.

Mwaka huohuo Jilek-Aall na Rwiza walichapisha taarifa nyingine iliyowafuatilia wagonjwa 164 wa kliniki ya Mahenge kwa miaka 30. Ndani yake mna habari njema, kwa kuwa zaidi ya nusu ya waliotumia fenobabitoni waliacha kabisa kuanguka. Mna pia habari nzito. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa wamekwisha kufariki, na zaidi ya nusu ya vifo vyao vilitokana na kifafa chenyewe: kuanguka mfululizo bila fahamu kurudi, kuungua, kuzama majini. Taarifa hizo mbili zingetosha kuifanya Ulanga ijulikane duniani kote. Hazikufanya hivyo.

Kilichokuwamo katika mazingira kilikuwa kikijulikana na kila mkazi. Mito ya Mahenge hushuka kwa kasi juu ya mawe, na penye maji ya kasi ndipo usubi hutaga, kwa sababu mabuu yake hayaishi ila kwenye maji yenye hewa nyingi. Usubi humuuma mtu mchana, shambani au kisimani, na ukiwa na maambukizi humwachia vimelea vya mnyoo uitwao Onchocerca volvulus. Minyoo mikubwa hujikunja ndani ya vinundu chini ya ngozi na kuishi miaka 10 hadi 15, huku majike wakizaa vijiminyoo vichanga kwa maelfu kila siku. Hivyo vichanga ndivyo vinavyotambaa ndani ya ngozi na kuleta mwasho usiomwacha mtu alale, na vikifika machoni huleta upofu. Katika vituo vya afya vya Tanzania ugonjwa wenyewe huitwa usubi, kwa jina la mdudu anayeuleta.

Dawa yake ni ivamektini. Kampuni ya Merck iliahidi mwaka 1987 kuitoa bure kwa muda wote itakapohitajika, na waliohusika katika ugunduzi wake, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mahenge ilianza kupata kingatiba hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990. Mgawa dawa aliyechaguliwa na wanakijiji wenzake huja na fimbo yenye alama, humsimamisha mtu kando yake, humpa kidonge kimoja hadi vinne kulingana na urefu wake, kisha huandika kwenye daftari. Mtoto ambaye hajafikia sentimita 90 hapewi. Ivamektini huua vijiminyoo vichanga; minyoo mikubwa hubaki hai, na ndiyo maana dawa hurudiwa mwaka hadi mwaka.

Basi kijiji kimoja kikawa na madaftari mawili. La kwanza, la mgawa dawa, lilihesabu vidonge, na mafanikio yake yalipimwa kwa ngozi na macho. La pili lilikuwa la kliniki ya afya ya akili, ambako mwenye kifafa huandikwa nchini Tanzania, nalo lilihesabu wanaochukua fenobabitoni. Jina la mtoto mmoja liliweza kuwemo katika yote mawili bila mtu yeyote kuyaweka mezani pamoja. Hata hesabu za kimataifa za mzigo wa usubi zilihusu upofu na ngozi, kifafa hakikuingizwa. Ugonjwa usiohesabika haupangiwi fedha, na hilo si kosa la mhudumu wa kijiji.

Fununu za uhusiano wa usubi na kifafa zilikuwepo mapema. Mwaka 1950 Raper na Ladkin walieleza habari za watoto waliodumaa nchini Uganda, karibu na msitu wa Mabira, baadhi yao wakiwa na kifafa. Hali hiyo hujulikana kwa jina la Nakalanga. Usubi ulipoangamizwa kwa DDT katika mto Naili karibu na Jinja, kazi iliyoanza miaka ya 1950 na kukamilika miaka ya 1970, taarifa za watoto wa namna hiyo zilikoma Mabira. Katika miaka ya 2000 ugonjwa huohuo wa kusinzia kichwa ulilipuka kaskazini mwa Uganda, katika wilaya za Kitgum, Pader na Lamwo, kwa watu waliokuwa wametoka kuishi kambini kwa sababu ya vita. Wazazi walishuku chakula cha msaada, sumu ya risasi na mabomu, hata roho za waliouawa bila kuzikwa. Haikuwa haki kuwacheka. Watu waliofiwa na kuhamishwa kiasi kile walitafuta sababu ndani ya yale waliyoyapitia. Mwaka 2012 serikali ilifungua vituo vya matibabu, mito ikapigwa dawa na ivamektini ikagawiwa mara mbili kwa mwaka. Baada ya 2013 wagonjwa wapya hawakuripotiwa tena.

Ushahidi wenye uzito zaidi ulitoka Kameruni. Kati ya 1991 na 1993, kabla ya ivamektini kugawiwa katika bonde la mto Mbam, watafiti walichukua vipande vidogo vya ngozi kutoka kwa watoto na kuhesabu vijiminyoo vilivyomo. Orodha hiyo ilihifadhiwa. Mwaka 2017 timu ya Cédric Chesnais ilirudi kijiji kwa kijiji ikiwa na majina yale na kuuliza nani alipata kifafa baadaye. Kadiri mtoto alivyokuwa na vijiminyoo vingi, ndivyo hatari yake ilivyopanda, na waliokuwa na vingi kupita wote hatari yao ilikuwa takriban mara 28 ya wasiokuwa navyo. Uzito wa utafiti huu uko katika mpangilio wa wakati: maambukizi yalipimwa kwanza, kifafa kikaja baadaye. Hakuna anayeweza kudai kwamba wenye kifafa waliumwa na usubi zaidi kwa kuwa walikuwa wagonjwa tayari. Karatasi zilizotunzwa vizuri kwa robo karne zilifanya kazi ambayo mashine za bei kubwa hazikuiweza.

Mahenge yenyewe ilipimwa upya mwaka huohuo wa 2017. Bruno Mmbando wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Tanga, pamoja na wenzake na Robert Colebunders wa Chuo Kikuu cha Antwerp, walichunguza watu zaidi ya 5,000 katika vijiji vinne. Katika vijiji viwili vya mashambani kifafa kilikuwa asilimia 3.5, katika viwili vilivyo karibu na mji, asilimia 1.5. Na hii ni baada ya miaka 20 ya kingatiba. Damu za watoto wadogo, waliozaliwa ivamektini ikiwa imeshazoeleka, zilionyesha kuwa maambukizi yalikuwa yakiendelea. Dozi moja kwa mwaka haikutosha. Kuanzia 2019 dawa ikaanza kugawiwa mara mbili kwa mwaka, na ufuatiliaji uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa wagonjwa wapya wa kifafa walipungua kwa zaidi ya nusu.

Jinsi mnyoo unavyoleta kifafa bado inabishaniwa. Minyoo haijaonekana ndani ya ubongo. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walipendekeza kuwa kinga ya mwili inayopigana na mnyoo hushambulia kimakosa protini ya ubongo iitwayo leiomodini-1. Tafiti za baadaye hazikuithibitisha dhana hiyo kikamilifu. Tena si kila kifafa cha Afrika Mashariki kimetoka mtoni. Mbulu, ambako daktari Andrea Winkler alifanya kazi katika Hospitali ya Haydom, tegu la nguruwe lina mchango wake, na kwingineko yapo malaria kali na majeraha ya wakati wa kujifungua. Lakini mjadala huo wa maabara hauzuii mtu kugawa kidonge ambacho tayari kipo bure kijijini.

Upande wa afya ya akili unastahili nafasi kubwa kuliko unayopewa katika ripoti za minyoo. Mwenye kifafa hubeba hofu ya kuanguka mbele za watu, na hofu hiyo humfungia ndani hata siku ambazo mwili wake ni mzima. Sonona ni mwenzake wa karibu. Wasichana huachwa peke yao nyumbani na kuwa katika hatari ya kubakwa. Mama huacha shamba ili amlinde mtoto asisogelee moto wala mto, na kaya nzima hupungukiwa chakula. Wengi huanza kwa mganga na kumaliza akiba huko kabla ya kufika zahanati. WHO inakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, kwamba asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka iwapo wangetibiwa ipasavyo, na kwamba katika nchi maskini robo tatu hawapati matibabu hayo.

Pendekezo la mada hii ni dogo na linatekelezeka. Siku ya kingatiba mgawa dawa husimama mbele ya kila mlango, na hakuna mhudumu mwingine wa afya anayefika hivyo. Aongezewe maswali mawili au matatu: je, nyumbani kuna anayeanguka, anayepotewa na fahamu ghafla, au mtoto anayesinzia kichwa wakati wa kula? Jibu liandikwe katika daftari lilelile, na nakala ifike kliniki ya afya ya akili mwezi huohuo. Na kliniki nayo imuulize kila mgonjwa mpya anakaa karibu na mto gani na kama amewahi kumeza ivamektini. Mgawa dawa alipwe kwa kazi hiyo ya ziada. Wengi wao ni wakulima wanaojitolea, na si haki kuwaongezea mzigo kwa shukrani peke yake.

Sharti ni kwamba dawa iwepo. Fenobabitoni ikikatishwa ghafla, mgonjwa anaweza kuanguka mfululizo hadi kufa, kwa hiyo zahanati inayomwanzishia mtu dawa kisha ikaishiwa baada ya miezi miwili imemweka pabaya kuliko ilivyomkuta. Bajeti ya wilaya ihesabu vidonge vya mwaka mzima kwa kila jina lililoandikwa, pamoja na akiba ya msimu wa mvua ambapo magari hushindwa kupanda milima. Ivamektini itawalinda wanaozaliwa sasa. Waliosinzia kichwa utotoni leo ni watu wazima wenye umri wa miaka ishirini, thelathini na zaidi, baadhi wakiwa na watoto wao wenyewe, na kidonge cha usubi hakiwaondolei kifafa walichonacho. Mpango wa dunia wa WHO juu ya kifafa na magonjwa mengine ya mishipa ya fahamu unakwenda hadi mwaka 2031, na kundi hilo ndilo la kuanza nalo wilaya zinapojaza takwimu zake.