Mama Asiye na Machozi

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Burat, Isiolo)

Leo hatukuleta habari za mbuzi wala za mizinga ya nyuki. Tumeleta habari za macho.

Tuanze na kisa. Katika kutembelea vikundi tulimjua mama mmoja, mweka hazina wa kikundi chake. Jina tunaliacha. Alifiwa na dada yake. Siku ya mazishi watu walilia, yeye akakaa tu, macho makavu. Basi maneno yakaanza. "Huyu ana moyo wa jiwe." Wengine wakanong'ona kwamba anajua kilichomuua dada yake. Haukupita muda, daftari la pesa likachukuliwa, akapewa mwingine.

Nasi tuna kosa letu. Mara nyingi mama huyo alikuwa ametuambia macho yanamwasha kama yameingia mchanga. Tulimjibu, "Ni vumbi la Burat, mama, vumilia." Haikuwa vumbi. Mama alikuwa mgonjwa.

MACHOZI YANA KAZI GANI?

Tunadhani machozi ni ya kulia tu. Sivyo. Kila tunapopepesa, kope hupaka jicho machozi, kama vile mtu anavyopaka ngozi mafuta. Machozi yana maji, mafuta kidogo na ute. Yanaosha vumbi, yanazuia vijidudu, na yanalinda kioo cha mbele cha jicho. Yakipungua, jicho linasuguana na kope. Linakuwa jekundu, linavimba, na linaweza kupata kidonda.

ASKARI WANAOPIGA WENYE BOMA

Mungu ameweka askari ndani ya miili yetu wa kupigana na magonjwa. Lakini kuna watu ambao askari hao hukosea, wakawapiga wenye boma. Katika ugonjwa huu wanashambulia tezi zinazotengeneza machozi na mate. Madaktari wanauita ugonjwa wa Sjögren. Hilo ni jina la daktari wa macho wa Uswidi, Henrik Sjögren, ambaye mwaka wa 1933 aliandika juu ya wanawake 19 waliokauka macho na midomo. Wengi wao walikuwa pia na maumivu ya viungo. Mpaka leo, karibu wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake, hasa waliofika umri wa makamo.

Dalili zake ni hizi:
- Macho kuwasha kama yana mchanga, miezi zaidi ya mitatu.
- Kinywa kikavu. Ugali haushuki bila maji.
- Meno kuoza haraka.
- Vidole na magoti kukakamaa asubuhi.
- Uchovu usioisha.

Mama yetu alikuwa nazo zote. Kila moja ilipewa sababu yake: vumbi, uzee, kazi nyingi. Hakuna aliyezijumlisha.

Sasa msichanganye na trakoma, ambayo kaskazini tunaijua. Trakoma inaletwa na vijidudu, inaambukizwa kwa mikono, vitambaa na nzi, na inapigwa vita kwa dawa na kunawa uso. Ukavu huu hauambukizwi. Si laana, na hakuna aliyemroga mtu.

Daktari wa macho ana kipimo rahisi. Anaweka kikaratasi chembamba kwenye kope la chini kwa dakika 5. Kikilowa chini ya milimita 5, machozi ni machache mno. Halafu huenda akaagiza damu ipimwe.

TUSIFANYE, TUFANYE

Tusitie jichoni maziwa, mkojo wala utomvu wa miti. Jicho kavu ni rahisi kuumia na kuoza. Tusiazimane vichupa vya dawa. Na tusinunue dukani dawa ya matone bila kuandikiwa. Baadhi zina steroidi: jicho jekundu linatulia upesi, mtu anafurahi, kumbe akiendelea nayo presha ya jicho inapanda au mtoto wa jicho anaingia. Presha ikishaharibu mshipa wa jicho, uwezo wa kuona uliopotea haurudi.

Tufanye haya. Tupikie mahali penye hewa, moshi utoke. Tujikinge na upepo kwa leso au kofia. Wanaoshona shanga wapumzishe macho na kupepesa mara kwa mara. Daktari anaweza kuandika machozi ya bandia, na dawa nyingine za kutuliza wale askari. Ugonjwa hauponi kabisa, lakini unatulizwa.

Jicho likiuma sana, likiogopa mwanga, likiingia doa jeupe au likipoteza nguvu ya kuona, usingoje siku ya soko. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Najua mtauliza, nauli je? Ndiyo maana tunazungumza na vikundi. Kila mkutano kikundi kiweke akiba kidogo ya nauli ya mgonjwa. Na kila mmoja ajiandikishe SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka wa 2024.

Mama yetu siku hizi anatembea na kichupa chake cha matone. Bado hawezi kulia kama zamani. Lakini wenzake walikwenda nyumbani kwake, wakamwomba msamaha, na daftari la pesa wakamrudishia mkononi.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Katika kikundi chetu, nani amelalamika juu ya macho tukamwambia ni vumbi?
2. Je, kuna mtu tuliyemhukumu kumbe ni mgonjwa? Tutamwendea lini?
3. Akiba ya nauli tutaanza na shilingi ngapi, na nani ataitunza?